India au Pakistan: Kijana wa Nakuru au Kisumu Amwige Mchezaji Yupi?

India na Pakistan zikikutana kwenye kriketi, ubishi wa Nakuru huwa uleule: Kohli au Babar? Bumrah au Shaheen? Unaanzia kwenye maduka ya katikati ya jiji, unapanda matatu, na jioni unaingia WhatsApp. Naupenda ubishi huo. Lakini nikiwa uwanjani na vijana wa shule huwa naulizwa swali jingine: "Mwalimu, nimtazame nani ili nijifunze?" Anayeuliza ana simu ya mzazi kwa nusu saa na bando la siku moja. Akitazama wachezaji kumi hatashika hata mmoja. Lazima achague, na anayemsaidia kuchagua lazima ampe sababu.

Kwa hiyo nawaweka wawili wawili, mmoja wa India na mmoja wa Pakistan, na kwa kila jozi nasema ningemchagua yupi. Kipimo changu ni kimoja. Mchezaji huyu ana kitu gani ambacho kijana wa huku anaweza kukichukua akiwa na gongo moja la kupokezana na mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu ya umeme? Mchezaji anaweza kuwa bora duniani na bado asiwe mwalimu mzuri wa mtoto wa Kaptembwo au Kondele.

Viwanja vyetu navyo vina maoni yao. Pale penye mkeka uliotandikwa juu ya saruji, mpira hudunda juu sana, lakini unajua utakavyodunda, na spini, yaani mpira unaorushwa polepole ukizungushwa, hushika vizuri. Kwenye uwanja wa shule wenye udongo na vijiwe, mpira mmoja unaruka kifuani na unaofuata unatambaa kwenye kifundo cha mguu. Halafu kuna mwinuko. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu iko kama mita 1,130. Hewa ya Nakuru ni nyepesi zaidi, hivyo mpira unapinda kidogo angani na ukipigwa unakwenda mbali. Kijana wa Nakuru anayemtazama mrushaji akiupinda mpira kule uwanja wa Lord's, London, akumbuke hilo kabla hajaanza kujilaumu.

Virat Kohli na Babar Azam

Nianze na Kohli, na nianze na siku inayojulikana na wote. Tarehe 23 Oktoba 2022, Melbourne, India dhidi ya Pakistan, Kombe la Dunia la ova 20, ova moja ikiwa mipira sita. India inatafuta mikimbio 160 na tayari imepoteza wiketi nne, yaani wapigaji wanne wametolewa, kwa mikimbio 31 tu. Imebaki mipira minane, zinatakiwa 28. Kohli anampiga mrushaji wa Pakistan Haris Rauf sita mbili mfululizo (mipira inayovuka mpaka bila kudunda), ya kwanza akiwa amesimama wima kwa mguu wa nyuma na kuupeleka mpira juu ya kichwa cha mrushaji. Anamaliza na 82 kwa mipira 53 bila kutolewa, India inashinda kwa mpira wa mwisho.

Kila kijana ameiona sita ile. Ninachowaomba ni warudi nyuma kidogo kwenye mechi hiyohiyo, mahali ambapo Kohli alikuwa na mikimbio 12 baada ya mipira 21. Watu walikuwa wanamzomea mitandaoni wakati huo. Yeye alikuwa anagusa mpira polepole, anakimbia moja, anakimbia mbili, anazungumza na mwenzake Hardik Pandya katikati ya kila ova. Pale ndipo pana somo. Sita ya Melbourne inataka mikono ya mtu mzima aliyepiga mpira maelfu ya mara. Kukimbia moja kunataka macho na miguu.

Mechi ninayoisifu zaidi kwa mafunzo ni ya Dubai, tarehe 23 Februari 2025, Kombe la Mabingwa. Pakistan ilifunga 241. Kohli alipiga 100 bila kutolewa, kwa mipira 111. Katika mia ile kulikuwa na nne saba tu (mipira iliyovuka mpaka baada ya kudunda), na sita hakuna hata moja. Piga hesabu: nne saba ni 28, zilizobaki 72 zote alizikimbia, akiwa na umri wa miaka 36, kwenye joto la jangwani. Tazama jinsi anavyoteleza gongo kwenye mstari akigeuka: anainama, anaunyoosha mkono mmoja mpaka mwisho ili gongo lifike kabla ya mwili, na macho yake tayari yako upande ulikokwenda mpira. Hakuna kitu hapo kinachohitaji uwanja wa gharama. Kijana wa Kisumu anaweza kukifanya kwa kipande cha mbao kati ya mistari miwili aliyochora chini.

Babar ni mwalimu wa jambo tofauti. Tarehe 24 Oktoba 2021, hapohapo Dubai, Pakistan iliishinda India kwa wiketi kumi, ushindi wake wa kwanza dhidi ya India katika Kombe la Dunia la aina yoyote. Babar alipiga 68, Mohammad Rizwan 79, hakuna aliyetolewa. Ukimtazama Babar siku ile utaona kichwa kisichotikisika. Mrushaji anapoachia mpira, Babar ametulia kabisa, magoti yamekunjwa kidogo, macho sawasawa. Anaungoja mpira umfikie chini ya macho ndipo anaupiga. Wengi wa wanaoanza huukimbilia mpira, wanaupiga ukiwa mbele mno, unaruka juu na kudakwa. Dawa ya kosa hilo ni dakika tano za Babar.

Subira yake nayo ni ya kutazamwa. Machi 2022 kule Karachi, dhidi ya Australia, alikaa kwenye pichi kwa zaidi ya saa kumi, mipira 425, akapata 196 na kuiokoa Pakistan isishindwe. Mtoto hawezi kutazama saa kumi, lakini ni vizuri ajue jambo hilo liliwezekana.

Tatizo liko kwenye pigo lenyewe linalompa Babar umaarufu, lile la mbele upande wa kava, yaani upande ulio mbele ya kifua cha mpigaji, goti limeinama na gongo limefuata mpira mpaka begani. Ni zuri kuliko mapigo yote ninayoyajua. Kwenye mkeka wetu, ambako mpira unadunda juu, kijana akilijaribu huishia kuugusa kwa ukingo wa gongo na kumpa mlinda wiketi zawadi. Kohli mwenyewe, ambaye naye hulipenda pigo hilo, alitolewa mara kwa mara kwa njia hiyo katika safari ya Australia ya 2024 hadi 2025. Mpira wa nje ya kijiti uachwe upite. Babar na Kohli wote wawili wakiuacha mpira, tazameni wanavyouacha: gongo limeinuliwa, mikono imewekwa ndani, macho yameufuata mpaka kwenye glavu.

Uamuzi wangu: anayeanza, hasa aliye chini ya miaka kumi na mitatu, aanze na Babar kwa ajili ya kichwa na kusimama. Akishaingia kwenye timu ya shule na kucheza mechi za kweli, ahamie kwa Kohli na abaki huko. Kama ni mmoja tu kwa maisha yote, ni Kohli, kwa sababu ya zile 72 za Dubai.

Jasprit Bumrah na Shaheen Shah Afridi

Hapa ndipo ninapopata wazazi. Mama mmoja alinijia baada ya mazoezi, mwanawe amesimama nyuma yake.

"Mwalimu, huyu anarusha mkono kama yule Mhindi wa kwenye simu. Usiku analalamika mgongo."

"Mama, mkono huo si wa kuiga. Ni wa mwenyewe."

"Basi mwambie wewe, mimi hanisikii."

Nilimwambia, na sababu nilizompa ndizo hizi. Bumrah anakuja kwa hatua chache za kurukaruka, mkono wa kushoto umenyooka mbele kama fimbo, kisha mkono wa kulia unapita juu ukiwa umenyooka kabisa na kiwiko kinapinda kwa nyuma kupita kawaida. Mpira unatoka mbele zaidi ya anavyotarajia mpigaji, na hapo ndipo anapomshinda. Lakini nguvu ambayo wengine huipata kwa kukimbia mbali, yeye huivuna mgongoni. Alilikosa Kombe la Dunia la 2022 kwa ajili ya mgongo, akafanyiwa upasuaji 2023, na Januari 2025 mgongo ukamtoa tena katikati ya mechi ya Sydney, akalikosa Kombe la Mabingwa. Huyo ana madaktari wa timu ya taifa pembeni yake. Mtoto wa darasa la saba ana dawa ya kuchua.

Cha kuiga kwa Bumrah ni shabaha. Amesimulia mwenyewe jinsi ilivyoanza. Alikulia Ahmedabad, baba alifariki yeye akiwa mdogo, mama alikuwa mwalimu. Mchana wa joto mama anataka kupumzika, mtoto anarusha mpira ukutani ndani ya nyumba. Akaambiwa acheze kama hakutakuwa na kelele. Akagundua kwamba mpira ukigonga pale sakafu inapokutana na ukuta, sauti inapungua. Akawa anaulenga mpaka ule mwembamba mchana kutwa. Hiyo ndiyo yoka: mpira unaotua miguuni mwa mpigaji, chini kabisa ya gongo. Nyumba yoyote ya chumba kimoja ina sakafu na ukuta. Mpira wa tenisi unatosha. Sijui zoezi jingine la kriketi ambalo ni rahisi hivi kwa mtoto wa mjini, tena mvua za Aprili zikinyesha.

Kuona shabaha hiyo inafanya nini, tafuteni mechi ya New York ya tarehe 9 Juni 2024. India ilitolewa yote kwa 119. Pakistan ilionekana inashinda. Bumrah akamwangusha Rizwan vijiti kwa mpira wake wa kwanza aliporudi kurusha, akamaliza na wiketi tatu huku akifungwa mikimbio 14 tu, Pakistan ikakwama kwenye 113. Hakurusha kwa hasira. Kila mpira ulikuwa mahali pake.

Shaheen ni mrefu, karibu mita mbili, anatumia mkono wa kushoto, na mkimbio wake ni safi: mstari mmoja ulionyooka, kasi inapanda polepole, kifundo cha mkono kiko nyuma ya mpira, na baada ya kuuachia mwili unaendelea mbele bila kujipinda. Ndiye mwalimu bora zaidi wa kutazama mwili unavyopaswa kwenda. Katika ile mechi ya Dubai ya 2021 alimtoa Rohit Sharma kwa mpira wa kwanza aliokabiliana nao, ukaingia ndani na kumgonga mguuni mbele ya vijiti, jambo linalomtoa mpigaji. Ova yake iliyofuata akamwangusha KL Rahul vijiti. Baadaye akamtoa na Kohli.

Kizuizi ni kwamba silaha yake kubwa ni mpira mpya unaopinda. Shuleni kwetu mpira mpya wa ngozi ni sikukuu. Na Nakuru, kama nilivyosema, hata mpya haupindi sana. Kijana akirusha urefu ule wa Shaheen na mpira ukakataa kupinda, amempa mpigaji mpira wa kupiga sita. Magoti nayo: Shaheen aliumia goti Galle mwaka 2022 na akaumia tena kwenye fainali ya Kombe la Dunia mwaka huohuo. Warushaji wa kasi wanaumia, mkono wowote wanaotumia. Nasisitiza siku za kupumzika kuliko jina la mchezaji.

Kwa anayetumia mkono wa kushoto, Shaheen, wala asisite. Kwa anayetumia wa kulia, mwili wa Shaheen aufuate kama kwenye kioo, na shabaha ya Bumrah aifanyie mazoezi ukutani. Anayeniuliza nani hatari zaidi namwambia Bumrah. Anayeniuliza mtoto arushe kama nani namwambia Shaheen.

Mohammed Siraj na Haris Rauf

Jozi hii haipati kelele kama mbili zilizotangulia, na kwa vijana wa huku naiona ndiyo muhimu kuliko zote.

Baba yake Siraj aliendesha tuktuk mjini Hyderabad. Mtu wa Kisumu hahitaji kuelezwa hayo ni maisha ya namna gani. Asimame tu Kibuye asubuhi awatazame wanaume wanaotafuta riziki ya siku. Siraj alijifunza kwa mpira wa tenisi mitaani, akachelewa kushika mpira wa ngozi. Novemba 2020 baba alifariki Siraj akiwa Australia na timu. Alipewa nafasi ya kurudi nyumbani, akabaki, na ziara ile ndiyo aliyochezea mechi yake ya kwanza ya siku tano.

Rauf ametoka Rawalpindi, na chuo chake kilikuwa mpira wa tepu. Mchezo huo ulianzia Karachi: mpira wa tenisi unazungushiwa tepu ya umeme, unakuwa mzito kidogo, unakwenda kasi, na ukiacha upande mmoja wazi unapinda. Ndio uleule tunaocheza sisi. Rauf amesimulia kwamba aliuza vitafunio sokoni siku za Jumapili ili alipe karo, na mpira wa tepu ukamlipia iliyobaki. Mwaka 2017 klabu ya Lahore Qalandars iliandaa majaribio ya wazi kule Gujranwala. Akaenda, akarusha, kipimo cha kasi kikawashtua. Alikuwa anakaribia miaka 24. Kabla ya hapo hakuwa na rekodi ya maana kwenye mpira wa ngozi.

Kwa hiyo kama wewe una miaka ishirini, uko Kondele au Section 58, umeambiwa muda wako umepita kwa sababu hukusoma shule yenye uwanja, mtazame Rauf. Tazama hasa anavyotumia mwili wote kwenye mpira wa tepu: bega linashuka, kifua kinageuka, mkono unamalizia nje ya goti la kushoto. Nguvu ile haikutoka kwenye akademi.

Lakini kasi ni kipaji cha mwili. Rauf bila kasi anapigwa, na Melbourne 2022 alipigwa hata akiwa nayo, kwa sababu mpira wa pili aliompa Kohli uliwekwa miguuni na ukapigwa kwa urahisi kuelekea nyuma ya mguu. Siraj ana kasi pia, ila kinachomuweka ni kurudia. Fainali ya Kombe la Asia tarehe 17 Septemba 2023, Colombo: wiketi sita kwa mikimbio 21, nne kati yake katika ova moja, Sri Lanka ikatolewa kwa 50. Watu walidhani ni uchawi. Ukitazama, ni mahali pamoja, mpira baada ya mpira, na mshono uliosimama.

Halafu tazama mechi ya India na England kwenye uwanja wa The Oval, London, Agosti 2025. Siku ya nne Siraj alimdaka Harry Brook karibu na mpaka, kisha akakanyaga kamba. Badala ya wiketi ikawa sita. Brook alikuwa na 19. Akaendelea mpaka 111. Ungekuwa wewe ungelala usiku ule? Asubuhi ya siku ya tano England ilihitaji mikimbio 35 na ilikuwa na wiketi nne mkononi. Siraj akachukua tatu kati ya hizo nne, ya mwisho akimwangusha Gus Atkinson kijiti cha nje kwa mpira wa miguuni, na India ikashinda kwa mikimbio sita. Alikuwa amecheza mechi zote tano za mfululizo ule, akamaliza na wiketi 23.

Vijana wengi wanaachana na kriketi wakidondosha mpira mbele ya wenzao, si kwa kukosa kipaji. Kwa hiyo namchagua Siraj, tena bila kigugumizi. Ningeweka siku mbili hizo za The Oval mbele ya kila timu ya shule ya magharibi mwa Kenya.

Spini, na walinda wiketi

Mkeka unaipenda spini, na hili naona halisemwi vya kutosha huku kwetu. Kila mtoto anataka kurusha kasi. Kuldeep Yadav wa India naye alitaka. Kocha wake wa Kanpur ndiye aliyemgeuza awe mrushaji wa spini. Mwaka 2023 Colombo alichukua wiketi tano za Pakistan kwa mikimbio 25. Fainali ya Kombe la Asia ya 2025, Dubai, akachukua nne kwa 30 na Pakistan ikatolewa kwa 146. Anatumia mkono wa kushoto na anauzungusha mpira kwa kifundo, polepole, juu ya macho ya mpigaji. Abrar Ahmed wa Pakistan ni fumbo zaidi. Mechi yake ya kwanza kule Multan mwaka 2022 aliichukulia England wiketi saba katika zamu moja. Anaubana mpira kwa kidole cha kati na kuuchomoa, na mtu hajui unageukia wapi. Mkono mdogo hauwezi kuubana mpira hivyo. Kuldeep anaonekana wazi anachofanya, kwa hiyo anafundishika. Anayetumia mkono wa kulia nampeleka kwetu: Collins Obuya, tarehe 24 Februari 2003, Nairobi, wiketi tano kwa mikimbio 24 dhidi ya Sri Lanka, mwaka ambao Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia ikifundishwa na Sandeep Patil wa India.

Kwa walinda wiketi, Rizwan. Rishabh Pant wa India ni shujaa, aliyerudi uwanjani baada ya ajali mbaya ya gari ya Desemba 2022, na 42 zake za New York zilikuwa za thamani kubwa. Lakini anapiga akiwa ameanguka, na anayeanza akianguka hupiga hewa. Rizwan anachuchumaa vizuri, anainuka pamoja na mpira, na anapiga kwa mapigo ya kawaida.

Kwa wasichana

Wasichana wanaonijia wameongezeka, na nao nisiwape Kohli tu. India ina Deepti Sharma, Pakistan ina nahodha wao Fatima Sana. Fatima anarusha kwa kasi na anapiga chini ya orodha, na ana moyo wa pekee: Oktoba 2024 baba yake alifariki katikati ya Kombe la Dunia la ova 20, akaenda kumzika, akarudi kuiongoza timu dhidi ya New Zealand. Deepti anarusha spini kwa mkono wa kulia na kupiga kwa mkono wa kushoto. Tarehe 2 Novemba 2025, Navi Mumbai, kwenye fainali ya Kombe la Dunia, alipiga 58, akachukua wiketi tano kwa mikimbio 39 dhidi ya Afrika Kusini, na akatajwa mchezaji bora wa mashindano yote akiwa na wiketi 22.

Namchagua Deepti, kwa sababu ya mkeka, na kwa sababu timu ya shule yenye wachezaji wachache inamhitaji mtu anayefanya kazi mbili. Msichana anayeanza atafute ova zake za fainali ile. Asitazame wiketi kwanza. Atazame mguu wa mbele unapotua, mkono unavyopita karibu na sikio, na mahali mpira unapodunda. Kisha achukue chaki, achore duara mahali hapo kwenye mkeka, na aanze kulilenga.